Kamera Aliyoichagua Castory

Maiti ya mzee Castory ilikutwa na wachunga mbuzi, imelala kifudifudi kwenye mchanga wa korongo kavu upande wa Mtera, nyuma tu ya gari lake. Upepo ulikuwa umeanza kazi ya kumzika. Mchanga ulishafika masikioni.

Inspekta Salwa Harithi alichuchumaa. Kisogo cha mzee kilikuwa kimepasuka. Pembeni ilitupwa spana ya magurudumu, ina damu iliyoganda na nywele za mvi.

"Pigo moja," alisema daktari wa polisi. "Kutoka nyuma."

"Walipigana?"

"Hapana. Hana hata mchubuko mikononi. Alimpa mtu kisogo, Afande. Na kisogo humpi mtu usiyemwamini."

Salwa hakulipenda lile korongo. Hakukuwa na ndege, hakukuwa na hata mlio wa nzige. Zaidi ya upepo, ulichosikia ni pumzi zako mwenyewe.

Castory alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na kustaafu kwenyewe kulimshinda. Alinunua Landkruza chakavu, akaifufua, akawa anapeleka wageni porini kwenye njia ambazo hata punda angezifikiria mara mbili. Sasa gari hilo lilikuwa limesimama na swichi imewashwa, betri imekufa. Simu ya marehemu haikuonekana. Kwenye kioo cha mbele palibaki gundi na waya uliokatwa.

"Hapa palikuwa na kamera," alisema Koplo Gideoni, msaidizi wa Salwa. "Imenyofolewa."

Aliyekuja kuutambua mwili alikuwa Raphael, kijana wa Nkuhungu, mtoto wa marehemu mdogo wake Castory. Castory hakujaliwa mtoto. Huyu ndiye aliyemlea tangu hajajua kujifunga kamba za viatu. Kijana alilia mpaka askari wakamshika mabega.

"Baba yako mkubwa alikuwa na ugomvi na mtu?" Salwa alimuuliza.

"Na mzee Stanley. Walitukanana dukani, watu wote wanaona."

"Kisa?"

"Kamera, Afande. Ipi inunuliwe."

Watu wameuana kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Stanley alikuwa rafiki wa Castory na mshirika wake kwenye hizo safari. Alikamatwa nyumbani kwake Area D, na asubuhi iliyofuata alama za vidole vyake zikapatikana kwenye spana. Mkuu wa upelelezi alifurahi kama mtu aliyepata chenji asiyoitegemea.

"Kesho asubuhi jalada liende kwa wakili wa serikali," alimwambia Salwa. "Mauaji hayana dhamana. Akiingia huyo, ameingia."

Salwa alijua maana yake. Mzee wa umri ule, na kesi zinavyokwenda, angeweza kufia rumande kabla shahidi wa kwanza hajasimama. Na moyo wake ulikataa kutulia. Aliagiza Stanley aletwe chumba cha mahojiano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Stanley alikaa. Macho yalikuwa mekundu. "Kumbe na mahabusu huamkiwa."

"Mligombana dukani?"

"Tuligombana. Castory alikuwa mbishi tangu tulipotiwa jandoni pamoja."

"Alama zako ziko kwenye spana."

"Ziende wapi? Kila pancha ya gari lile nimeifungua mimi. Mgongo wake ulikuwa haumruhusu kuinama."

"Kamera umeipeleka wapi?"

"Ipi? Ile ya kwenye kioo, au yenyewe?"

Salwa aliweka kalamu chini. "Yenyewe ni ipi?"

"Ah, mama, ile ya kwenye kioo ni jicho tu. Haihifadhi kitu. Picha zinaingia kwenye kiboksi chini ya kiti cha dereva. Ndicho tulichogombania. Mimi nilitaka ile ya kubandika, yote kwa pamoja, unaangalia picha hapo hapo. Akasema kwa jua hili la kwetu betri yake itaumuka kama andazi, na mtikisiko wa porini utaidondosha. Akataka jicho dogo juu, kiboksi chini, mbali na joto na vumbi. Na gari likipata mshtuko, picha ya hapo inajifunga, haifutiki. Nikamwambia unatupa hela. Akaniita mshamba. Nikamrudishia tusi lake. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia."

Salwa alitoka nje ya chumba, akasimama ukutani. Muuaji alinyofoa jicho akaenda zake, akidhani amebeba ushahidi. Stanley asingefanya kosa hilo hata usingizini.

Kiboksi kilikuwa palepale chini ya kiti, kimefungwa vizuri, hakijaguswa. Gideoni aliingiza kadi yake kwenye kompyuta.

Picha ya mwisho ilionyesha korongo tupu. Jicho lilitazama mbele, na kilichotokea kilitokea nyuma. Lakini sauti ilikuwepo. Upepo. Pikipiki ikija, ikizimwa. Nyayo kwenye mchanga, taratibu. Kisha sauti ya Castory, wazi kabisa:

"Marahaba. Pole na vumbi."

Upepo tena.

"Nyumbani hawajambo?"

Kitu kama mnong'ono, kikamezwa na upepo.

"Tumshukuru Mungu. Haya, sogea. Sasa sikia..."

Baada ya hapo ulisikika mshindo, na kitu kizito kikianguka. Gideoni alijikuta ameshika kisogo chake mwenyewe.

"Ameamkiwa, Afande," alisema polepole. "Mzee Stanley hawezi kumwamkia. Hao ni rika moja, wametoka jando moja."

Walimpelekea mkuu. Mkuu akasikiliza, akabetua midomo. "Dodoma nzima ni wadogo wa Castory. Nitawakamata wote? Una mpaka kesho asubuhi."

Wakairudia kadi. Kulikuwa na picha moja iliyojifunga yenyewe, ya wiki iliyotangulia. Korongo lilelile, jua likizama. Mwanamke anapanda kutoka kwenye mchanga na mzigo wa kuni kichwani. Mshtuko. Kuni zinaruka juu ya boneti. Gari linasimama, injini inaunguruma, inaunguruma, na mlango haufunguliwi. Kisha gari linaondoka.

Salwa aliirudisha nyuma, akaitazama tena. Nani alikuwa kwenye usukani, jicho halikuonyesha.

"Angalia siku ya kifo," alisema. "Kabla hajafika korongoni."

Asubuhi ya siku hiyo gari lilikuwa limesimama mbele ya geti la kituo cha afya, njiani kwenda Mtera. Castory alionekana akiingia na blanketi na chupa ya chai. Salwa hakungoja chakula cha mchana.

Mwanamke aliyegongwa aliitwa Ruthu. Alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta hadi pajani.

"Nilitambaa mpaka njiani, watu wa kijijini wakaniokota," alisema. "Yule mzee alinitafuta nyumba kwa nyumba mpaka akaelekezwa huku."

"Alikwambia ni yeye aliyekugonga?"

"Hapana. Alisema, 'Aliyekugonga ni mwanangu, niliyemlea mwenyewe. Bila shaka anadhani umekufa. Nitamleta leo kwa mkono wangu akuombe radhi.' Nikamwambia mlete tu. Sina kinyongo. Mpaka leo sijawaona."

Salwa alishindwa kumwambia. Alimfunika blanketi vizuri, akatoka.

Nkuhungu walimkuta Raphael chini ya turubai la msiba, anapokea pole za majirani. Alipomwona Salwa alisimama mwenyewe. Hakuuliza anaitiwa nini.

Kituoni alipewa onyo la kisheria, kisha akaonyeshwa ile picha iliyojifunga. Kuni ziliporuka, alifumba macho.

"Hiyo mliipata wapi? Kamera niliitupa bwawani Mtera."

"Ulitupa jicho. Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi. Niliazima gari. Nilimwambia baba mkubwa nimegonga mbuzi."

"Akaona picha."

"Akanipigia simu. Akasema, 'Nimeona yote kwenye kamera. Njoo tukutane pale pale ulipogonga. Peke yako.' Sauti yake haikuwa na mzaha. Nikajua ananipeleka polisi. Nimeua mtu, Afande, nikakimbia. Ningefungwa, na mchumba wangu angeolewa na mwingine."

"Spana uliitoa wapi?"

"Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Akanipa kisogo, akawa ananionyesha mahali. Nikampiga. Nikachukua simu yake na ile kamera."

Gideoni aliacha kuandika. Salwa alimhurumia kijana, na huruma hiyo ilimkasirisha.

"Hukuua mtu siku ile, Raphael. Yule mama yu hai. Amevunjika mguu. Baba yako mkubwa alikuita akupe habari hiyo, akupeleke ukaombe radhi. Mama mwenyewe amesema hana kinyongo."

"Mbona hakusema kwenye simu?" Raphael alinong'ona.

"Jambo kama hilo husemwa kwenye simu? Alitaka mwonane uso kwa uso. Akakujulia hali kwanza, kama ilivyo desturi. Habari yenyewe ndiyo alikuwa anaianza."

Salwa alimwagiza Gideoni amfungulie mzee Stanley, tena amtafutie gari la kumfikisha nyumbani. Mlinzi wa amani, mtu wa mahakama, alikuwa njiani kuja kuandika ungamo. Kabla hajafika, Salwa alikuwa na swali moja lililokuwa linamkera.

"Alikuuliza kama nyumbani hawajambo. Upepo ulimeza jibu lako. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hawajambo," Raphael alisema. "Spana nilikuwa nimeshaishika."