Majina ya Watoto wa Luhende

Luhende alikuwa mfanyakazi wa mji wa Tabora. Kazi yake ilikuwa kuzibua mitaro, na wakati wa masika mitaro ya Tabora haimpi mtu nafasi ya kukaa. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake Cheyo, koleo begani. Mke wake, Bernadeta, alimpa uji, kisha akaingia shambani nyuma ya nyumba kupalilia karanga. Watoto wakubwa walikwenda shule ya misheni. Wadogo walibaki na bibi yao Apolinaria, mama yake Luhende. Bibi huyo alikuwa mkali kama pilipili, lakini wajukuu zake aliwapenda kupita kiasi.

Watoto walikuwa wanne: Marcelina, Raymundi, Josepha, na Alois aliyekuwa bado ananyonya. Wanne, nasema mimi ninayesimulia. Katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kutamka idadi.

Sababu ilikuwa ya zamani. Baba yake Apolinaria alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani. Alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Njiani wapagazi walihesabiwa asubuhi na jioni, na kila walipohesabiwa walikuwa wamepungua. Baadaye ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza. Wanaume wa kijiji wakahesabiwa tena, wakapewa mizigo ya askari, na wengi hawakurudi. Apolinaria alikuwa msichana wakati huo, na aliyaona kwa macho yake. Kwa hiyo aliwaambia watu wa nyumba yake, "Mtu akikuuliza una watoto wangapi, taja wachache, uende zako."

Mwaka 1955 ofisi ya mji ilianzisha mpango wa matibabu kwa wafanyakazi wake. Mfanyakazi, mke wake, watoto wake, na mzazi anayemtunza nyumbani, wote wangetibiwa katika hospitali ya misheni, na ofisi ingelipa. Sharti lilikuwa moja tu. Majina yao yawe yameandikwa katika daftari la ofisi. Karani wa mpango huo aliitwa Bwana Hilali. Aliwaita wafanyakazi mmoja mmoja.

"Una watoto wangapi?" alimuuliza Luhende.

Luhende alikumbuka maneno ya mama yake.

"Mmoja," alijibu. "Marcelina."

Akatia dole gumba, akarudi mtaroni, roho yake imetulia kabisa. Wala hakuwa peke yake. Wenzake wengi walijibu hivyo hivyo.

Masika iliyofuata, Josepha alichomwa na kijiti juu ya kifundo cha mguu. Alikuwa na miaka sita. Bibi yake aliweka majani, lakini jeraha likapanuka. Wiki ya pili likaanza kunuka. Lilikuwa kidonda ndugu, kile kidonda kinachokula nyama na hakitaki kupona. Bernadeta alipokiona kimefika ukubwa wa kiganja cha mtoto, aliogopa sana.

Jirani yake, Zamda, mke wa mkokota gari la taka, alikuja kumtazama mgonjwa.

"Sasa shoga, unangoja nini?" alisema Zamda. "Mume wako si mtu wa ofisi?"

"Josepha hamo daftarini."

"Marcelina yumo?"

"Yumo."

"Basi mpeleke kwa jina la Marcelina! Nani atajua? Mle hospitalini watoto wetu wote kwao ni sura moja."

Bernadeta hakuupenda ushauri ule, lakini aliufuata. Alimbeba Josepha mgongoni mpaka hospitali. Huko alipokewa na dresa aitwaye Sylvester, mtu mpole aliyesafisha vidonda vya mji mzima. Sylvester alitafuta kadi ya Marcelina, akaisoma.

"Ndiye huyu Marcelina?"

"Ndiye."

"Mama, mimi ni..." Josepha alianza. Bernadeta akamfinya mkono, mtoto akanyamaza.

"Kidonda kama hiki dawa yake ni sindano ya penisilini," alisema Sylvester. "Lakini siwezi kumpiga. Kadi yake imeandikwa kwa wino mwekundu. Mwaka jana sindano hiyo ilimvimbisha uso akakosa pumzi. Umesahau, mama?"

Bernadeta hakuwa amesahau. Ila hakujua kuwa jambo hilo liliandikwa, kwa kuwa hakujua kusoma. Angeweza kusema kweli pale pale, lakini alimwogopea mume wake, akainamisha kichwa.

"Basi nitamsafisha na kumtia unga wa dawa tu," alisema Sylvester. "Mlete kila siku ya pili."

Siku kumi zilipita. Unga ulitiwa, kitambaa kilibadilishwa, na kidonda kiliendelea kuchimba. Siku ya kumi na moja Sylvester alifungua kitambaa, akatazama, akakifunga taratibu.

"Mama, kinakaribia mfupa. Kikiufikia, daktari atasema mguu ukatwe."

Bernadeta alikaa kwenye benchi. Kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, "Huyu si Marcelina. Huyu ni Josepha. Hajapigwa sindano hiyo hata siku moja."

Sylvester yule mpole alikasirika siku ile.

"Mama, kadi ni ya mwili mmoja! Haiazimwi kama mchi wa kutwangia. Umemnyima mtoto dawa yake siku kumi. Na kama ningeandika hapa kwamba Marcelina amepigwa penisilini akapona, je? Siku Marcelina mwenyewe akiugua, tungempiga bila wasiwasi. Tungemuua kwa mikono yetu."

Bernadeta alilia. Sylvester alimwacha alie, huku akichemsha sindano.

"Ya leo nampiga mimi, kwa dhamana yangu," alisema baadaye. "Lakini mtoto huyu anahitaji kulazwa wiki tatu. Mpango wenu una vitanda vitatu tu, na kimoja kitakuwa wazi Jumamosi. Lete cheti cha ofisi chenye jina lake mwenyewe. Usipokileta, kitanda atapewa mwingine."

Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Jioni Bernadeta alimweleza mume wake kila kitu. Luhende alishika kichwa.

"Watasema nilidanganya. Nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa ukiwa na miguu miwili, baba Marcelina. Mwanao atabaki na mmoja."

Apolinaria aliingilia kati. "Na ukishawataja? Wakija kuwachukua, utafanya nini?"

"Mayu," alisema Bernadeta, kwa maana hivyo ndivyo walivyomwita mama mkwe kwa Kinyamwezi, "mayu, nakuheshimu. Lakini kesho nakwenda."

Kesho yake alifika ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Bwana Hilali alimkuta amekaa kwenye ngazi, Josepha mgongoni.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba, mama. Kuna nini asubuhi hii?"

Bernadeta alieleza bila kuficha. Alisema uongo ulikuwa wa nyumba nzima na si wa Luhende peke yake. Hilali alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua daftari.

"Tazama," alisema. "Wafanyakazi themanini. Watoto tisini na mmoja. Mimi nimezaliwa Tabora, mama. Jumapili nikipita Cheyo nakaribia kukanyaga watoto! Nilijua nadanganywa. Sikujua ni kwa nini."

"Kwani idadi inakusaidia nini, bwana?"

"Kila mwaka naandika barua ya kuomba vitanda na dawa. Wakubwa hawaji Cheyo, wanasoma hesabu yangu. Waliona watoto tisini na mmoja, wakasema vitanda vitatu vinatosha. Mkificha mtoto mmoja, mnapunguza dawa ya watoto wote, hata wa jirani."

Bernadeta akamsimulia habari ya mpagazi wa Bagamoyo, na ya wanaume waliohesabiwa wakati wa vita. Hilali aliweka kalamu chini.

"Mama mkwe wako hakosei," alisema polepole. "Babu yangu alikuwa na misafara. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu."

Nje gari la taka lilipita likilia magurudumu.

"Sitakuuliza wangapi," Hilali alisema mwishoni. "Nitajie majina, mmoja mmoja. Kila mtoto atapata ukurasa wake na kadi yake. Akizaliwa mwingine, leteni jina lake kabla mwezi haujaisha. Mtu akifariki au akihama, njooni mseme pia, nisiombe dawa ya mtu asiyekuwapo. Lakini lazima Luhende mwenyewe aje, akiri kosa na atie dole."

"Atafukuzwa?"

"Ataandikiwa barua ya onyo. Kufukuzwa, hapana. Ila ofisi inafungwa saa sita, na Jumamosi hatutoi vyeti."

Bernadeta hakungoja kusikia zaidi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mtaro wa barabara ya stesheni. Luhende alikuwa ndani, tope mpaka mapajani.

"Toka," alimwambia.

"Nioge kwanza."

"Toka hivyo hivyo, baba Marcelina. Saa zinakwenda."

Luhende aliingia ofisini akidondosha tope sakafuni. Alikiri mbele ya msimamizi wake. Akataja majina. Akaacha alama za dole gumba zenye tope kwenye karatasi zote, na Hilali hakulalamika hata kidogo. Saa sita kasorobo cheti cha Josepha kilikuwa mkononi mwa mama yake.

Jumamosi Josepha alilazwa. Alipigwa sindano kila siku. Alilia, akazoea, akaanza kumtania Sylvester. Wiki ya pili nyama nyekundu ilianza kujaza kidonda. Wiki ya nne alirudi Cheyo akichechemea kidogo, akiwa amelipita geti la hospitali kwa miguu yake mwenyewe.

Bernadeta hakukaa na furaha yake ndani. Alimchukua Zamda, aliyekuwa na aibu kwa ushauri wake, wakapita nyumba za wafanyakazi wa mji. Kila nyumba alimfunua Josepha kovu, akasema, "Kovu hili ni la uongo wetu." Baadhi ya watu walimfukuza. Siku ya pili alirudi kwa hao hao. Luhende naye aliwaambia wenzake mtaroni kwamba amepata barua ya onyo, na kwamba bado ana kazi.

Watu wakaanza kwenda kwa Hilali, kwanza wawili watatu, kisha mstari mrefu. Kabla ya mwaka kwisha, daftari lilikuwa na watoto mia tatu na zaidi. Hilali aliandika barua yake. Vitanda vitatu vikawa tisa, na hospitali ikapata dresa wa pili kwa ajili ya watu wa mpango.

Apolinaria peke yake ndiye aliyekataa kuandikwa. Magoti yalimuuma usiku na mchana, lakini alisema majani yake yanamtosha. Nyumbani waliacha kumsihi. Miezi ikapita, na hakuna aliyekuja kuwachukua wajukuu zake.

Asubuhi moja alifunga kanga yake vizuri, akashika fimbo, akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyemtuma. Alitembea taratibu mpaka ofisini, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, bibi," alisema Hilali akiinuka.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye daftari?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Na babu yako ndiye aliyehesabu watu?"

"Ndiye, bibi."

Apolinaria alimtazama usoni kwa muda mrefu. Hilali hakuyakwepa macho yake.

"Andika," alisema Apolinaria, akajitaja.

Hilali aliandika, akampa kadi.

"Isome."

"Apolinaria, mama yake Luhende, wa Cheyo."

"Isome tena."

Hilali aliisoma tena. Apolinaria aliifunga kadi katika pindo la kanga, akaenda zake. Alfajiri ya kesho yake alikuwa wa kwanza katika mstari wa hospitali. Sylvester alipomuuliza jina, alitaja la kwake.