Tone Lililokataa Kutawanyika

Matone sita yalitawanyika kama ilivyo kawaida ya wino. La saba lilikataa.

Bi Hati aliinama mezani, miwani ikiwa imeteleza hadi ncha ya pua. Alikuwa amelowanisha karatasi ya kukaushia wino, kisha akadondosha juu yake tone moja kutoka kila chupa. Hivyo ndivyo alivyoupima wino mweusi. Wote hujifanya mweusi ndani ya chupa, lakini ukiuwekea unyevu, hukiri ulichochanganywa nacho. Wa kwanza ulitoa buluu pembeni. Wa pili, zambarau. Wa tatu ulikuwa na ukijani kama jani lililochemshwa. Wa saba, kutoka chupa isiyo na lebo aliyoikuta nyuma ya kabati la stoo, ulikaa palepale, duara moja, mweusi tii.

Kazi hii alipewa Jumatatu. Msajili wa chuo alisimama mlangoni na kusema, bila hata kuketi, "Bi Hati, kitabu kipya cha wahitimu ataandika Kitinda. Mwandiko wake una uhai. Wewe utuchagulie wino tu. Kwa jicho lako la wino, nani akufikie?"

Utuchagulie wino tu. Miaka ishirini na miwili majina ya wahitimu yalipita mkononi mwake, mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Bi Hati. Na Kitinda huyo ni mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono na kumfundisha kuandika.

"Dada, bado unanusa chupa?" Kitinda aliingia akicheka. "Si uchukue wowote? Wote mweusi huo."

"Weusi haulingani, mdogo wangu. Kuna wino unaoganda ukaziba nibu ya kalamu. Kuna unaovuja mpaka upande wa pili wa karatasi. Kuna unaofifia ukikaa dirishani mwezi mmoja tu, kama ahadi za wanaume."

"Haya, mwalimu wangu, nisamehe. Twende tukanywe chai."

Waliporudi, Kitinda alipitiliza chumba cha pili kufanya mazoezi ya mwandiko, na Bi Hati akakuta karatasi ina tone moja tu. La saba lilikuwa limehama. Pale yalipokuwa matone sita palikuwa peupe, pasafi, kana kwamba wino haujawahi kufika. Hewa ilinuka nywele zilizoungua, na kutoka kwenye karatasi ilisikika sauti ndogo, lap, lap, kama paka anayelamba maziwa.

Mtu mwenye akili zake angemwaga chupa ile. Bi Hati alijua hivyo, na mkono wake ulikwisha kuishika aimwage. Ndipo akamsikia Msajili chumba cha pili: "Kitinda, mwandiko gani huu! Dada yako hakuwahi kufika hapa."

Akafunga kizibo. Akaipeleka chupa mwenyewe.

"Nimeupata," alisema. "Huu hautaki mwenzake."

"Ahsante, dada. Bila wewe ningekuwa wapi mimi?"

Siku mbili kitabu kilipendeza hata wahadhiri wakaja kukitazama. Siku ya tatu Kitinda alimvuta dada yake pembeni, akamnong'oneza, "Usinicheke. Kitabu kinakunywa. Nikisimamisha kalamu nakisikia kinakunywa."

"Ni uchovu," alisema Bi Hati. Lakini Kitinda alipoondoka, alikwenda kwenye rafu ya vitabu vya zamani, akafungua cha mwaka jana, kikawa kitupu, akafungua cha mwaka juzi, kitupu, akavifungua vyote, miaka ishirini na miwili ya mkono wake, na kwenye kila ukurasa mweupe zilibaki alama za nibu tu, kama nyayo za mtu aliyetoweka.

Jioni simu ililia. Alikuwa mume wa Kitinda, akiongea kama mtu aliyejificha chooni.

"Shemeji, njoo. Njoo sasa hivi. Mwenzangu ananiuliza mimi ni nani."

Alimkuta Kitinda mezani akiandika, na haandiki kitabuni tena bali kwenye gazeti, na gazeti lilipojaa akahamia kwenye kitambaa cha meza, na kutoka kitambaani akapanda ukutani, mkono wa kulia ukiwa mweusi hadi kwenye kifundo, vidole vimeikumbatia kalamu visitake kuiachia, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikiwa imejaa nyumba nzima, na ile sauti, lap, lap, sasa ikitoka kooni mwake.

"Kitinda," aliita kwa sauti ya chini. "Mdogo wangu, ni mimi."

Kitinda aligeuka. Midomo yake ilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bi Hati mwenyewe.

"Sitaki mwenzangu hapa. Si ulinichagua?"

Kulipopambazuka, shemeji alimleta fundi wa kalamu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, ambaye watu walisema hutoa kalamuni mengine zaidi ya uchafu. Alinusa kalamu mara moja tu, akarudi nyuma.

"Jini la wivu hili. Halina mlango wake, hupitia kwa mtu. Nani aliuchagua wino?"

"Mimi."

"Kwa jicho, au kwa roho?"

Bi Hati aliutazama mkono mweusi wa mdogo wake.

"Haya. Unajua kuosha kalamu?"

"Naosha kalamu tangu wewe unatambaa."

"Basi utaiosha hii, mkononi mwake hapohapo, mpaka maji yawe meupe. Na kila bakuli liwe na ukweli wake. Ukidanganya, utamwosha mpaka mfupa."

Shemeji alitandika karatasi za kukaushia mezani, akaweka bakuli juu yake. Bi Hati akaushika mkono wa mdogo wake kama alivyoushika wakati wa a, e, i, o, u, akautumbukiza majini.

"Niliuona wino unakula wenzake," alisema. "Nikanyamaza."

Maji yakawa meusi. Yakamwagwa, yakaletwa mengine.

"Nilikitaka kile kitabu."

Meusi.

"Nilitaka akosee, waniite mimi."

Meusi zaidi.

"Unanipa rangi za pembeni," alisema fundi. "Toa ya katikati."

Bi Hati alipofungua kinywa, maneno yalitoka kama yaliyokuwa yakingoja foleni maisha yake yote: kwamba siku mama aliporudi na kichanga kifuani na kumwambia yeye nenda kacheze nje, alikwenda nje lakini hakucheza, alikaa ukutani akiomba mtoto yule asiwepo, na amekuwa akiomba hivyo mpaka leo, huku akimsuka nywele, huku akimfundisha herufi, huku akimpa chupa ile. "Sikutaka kitabu," alisema. "Nilitaka afutike."

Maji yakawa meupe. Kalamu ikaanguka.

Kitinda alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kisimani. Akamtazama mumewe. "Mbona umekonda hivyo, mume wangu? Nani ameniandikia ukuta?" Shemeji akacheka na kulia kwa pamoja. Kitinda akamtambua fundi, akamsalimu. Kisha akageukia mkono ulioshika wake, akautoa taratibu, kwa adabu.

"Shikamoo, mama," alisema. "Samahani, sijakufahamu. Umekuja na fundi?"

Fundi alikuwa tayari anafunga mkoba wake, hamtazami mtu.

"Limemtoka," alisema.

"Limekwenda wapi?" aliuliza shemeji.

Fundi alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, macho yake mezani.

Bi Hati alikuwa akilia. Chozi lake lilidondoka kwenye karatasi iliyolowa. Halikutawanyika. Lilikaa palepale, duara moja, jeusi tii, kisha polepole likaanza kujongea upande alioketi mdogo wake.