Nywele Nyeupe Kwenye Boliti

Jua lilikuwa linazama nilipoinua gari kwa jeki uani kwangu. Boliti moja ya tairi la nyuma ilikuwa imekatika, ya tatu ndani ya wiki mbili. Kesho yake asubuhi nilitakiwa kumpeleka mke wangu kwa dada yangu, karibu na hospitali. Mimba ilikuwa ya miezi minane na daktari alishatuonya tusikae mbali. Mara mbili tulipanga safari. Mara mbili boliti zikakatika kabla hatujatoka getini.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, si fundi. Fundi wangu alikuwa amenielekeza kwa simu: toa tairi, vua dramu ya breki, gonga kipande kilichobaki kitokee nyuma, kisha ingiza boliti mpya na uivute kwa nati mpaka ikae.

Mke wangu alinimulikia tochi, mkono mwingine kiunoni.

"Kuna mtu hataki tuondoke," alinong'ona.

"Nani?"

Alitazama dirisha la chumba cha mama.

Damu ilinichemka. Mama yangu alikuwa kitandani mwaka wa pili, kiharusi kimemfanya kama gogo. Hata kijiko tulimshikia sisi.

"Labda ametambaa na spana mdomoni," nikamkejeli.

Hakucheka.

Nikagonga. Ngo! Ngo! Kipande kikachomoka, kikaangukia mchangani. Nikakiokota na kukisogeza kwenye mwanga.

Kilikuwa kimeviringishiwa nywele.

Ndefu. Nyeupe.

Pale ndani mkono haufiki bila kuvua dramu. Na kwetu mwenye mvi alikuwa mmoja tu.

"Sasa umeona mwenyewe," mke wangu alisema.

Nilizing'oa zile nywele, nikazitupa nje ya ukuta. Nikaingiza boliti mpya, nikaivuta, nikarudisha dramu na tairi, nikakaza nati na kushusha jeki. Nilitaka kumaliza tu. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kumshuku mama yangu mzazi...

Kri... kri... kri...

Sauti ilitoka upande wa pili wa gari. Nikazunguka na tochi. Hapakuwa na mtu. Nati tatu za tairi la mbele zilikuwa chini, zimepangwa mstari mmoja.

Tulikimbilia ndani, moja kwa moja hadi chumbani kwa mama. Niliomba nimkute amelala.

Alikuwa macho. Viganja vyake juu ya shuka vilikuwa vyeusi. Chumba kizima kilinuka grisi.

"Mama... ni wewe unayefungua?"

Mama hakuwa ametamka neno tangu augue. Midomo ikacheza.

"Mimi nakaza, mwanangu." Akahema. "Anayefungua yuko nje. Nywele zangu nilizokazia umezitupa wapi?"

Mke wangu akajishika tumbo.

Kri... kri...

Uani.

Na sisi watatu tulikuwa mle ndani.

Nikafunga mlango kwa komeo. Mama akafumba macho. Vidole vyake vikajikunja, vikaanza kuzunguka polepole, kama mtu anayekaza kitu kinachogoma. Jasho lilimtiririka hadi shingoni. Nje, sauti ikienda kasi, naye alikwenda kasi. Ikitulia, alitulia. Hatukuthubutu kumgusa.

Kulipopambazuka sauti ilikoma. Vidole vya mama navyo vikakoma. Alikuwa amekata roho.

Nilipotoka uani, nati zote zilikuwa mahali pake. Nilining'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, hata moja haikucheza.

Tulimwosha mama kwa sabuni na maji ya moto, lakini ile grisi haikutoka. Tukamzika nayo. Siku iliyofuata tulisafiri, tukafika kwa dada salama, na mke wangu akajifungua mtoto wa kike.

Mpaka leo mke wangu hulia akikumbuka alivyomshuku mkwewe. Mimi silii. Mimi nawaza jambo moja tu.

Aliyekuwa anakaza tumemzika. Yule mwingine hatukumzika.