Keki Kando ya Kitanda cha Sjoerd

Jamani, sikilizeni yaliyoikuta familia ya Sjoerd Hofstra pale mjini Leeuwarden, kisha mniambie kama utu uzima huja na akili.

Asubuhi ya Alhamisi wodi ya wagonjwa mahututi ilikuwa imetulia. Sjoerd, fundi wa mapaa aliyeangushwa na nimonia, alikuwa amelala na mpira wa kupumulia kooni. Ulikuwa usingizi wake wa kwanza wa maana kwa siku sita. Binti yake, Hilke, alikaa pembeni, hata kukohoa anaogopa. Daktari alishamwambia, "Akilala vizuri leo, kesho tunautoa mpira. Asipolala, akili itavurugika, tuanze upya."

Saa nne mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Shangazi Jeltje huyo, na keki, na chupa ya kahawa, na ndugu wanane nyuma yake!

"Hongera, Hilke! Baba yako katimiza sitini!"

"Shangazi, sauti! Halafu wanaruhusiwa wawili tu."

"We mtoto, siku ya kuzaliwa ipite hivihivi? Tangu lini kwetu?"

Basi wakaanza kama ilivyo desturi yao, kila mtu kumpa mkono kila mtu. Hongera ya kaka yako, hongera ya mjomba wako, hongera ya jirani yako. Wiebe, nesi wa zamu, badala ya kuwatimua, alipokea kipande cha keki, akaanza kubishana na binamu mmoja kuhusu mechi ya jana. Simu ya mtu ikalia. Mashine nayo ikalia.

"Wiebe, mashine hiyo!" Hilke akasema.

"Hiyo? Hulia kutwa nzima. Usiijali."

Ehe! Kengele isiyojaliwa na nesi ina kazi gani tena, kama si kumtesa mgonjwa?

Wakaimba, tena kwa kupiga makofi. Sjoerd akafumbua macho, yamejaa hofu. Mkono ukapanda. Hilke alipopiga ukelele, mpira ulikuwa umeshang'oka, na damu juu.

Ndugu walitolewa mbiombio hadi koridoni, Shangazi bado kashika kisu cha keki. Sjoerd akalazwa kwa dawa, mpira ukarudishwa, zikaongezeka wiki tatu. Alipona, ndiyo, lakini sauti imebaki ya kukwaruza, na miguu haitaki tena kupanda ngazi. Mapaa sasa ni kazi ya wengine.

Siku alipoweza kuongea, Shangazi alimuuliza huku analia, "Kaka, kwa nini ulijing'oa?"

Kwao, watu wakitoka makaburini huketi kwa kahawa na keki.

"Nilisikia harufu ya kahawa," Sjoerd akasema. "Nikawasikia wote mpo, mnapeana mikono. Nikajua mmeshanizika. Nilikuwa natafuta mfuniko wa jeneza niusukume."



Funzo

Kwa mgonjwa mahututi, kichwa kimejaa dawa, shangwe yetu ni kelele tupu, na kelele humzalia vitisho. Ingieni wawili. Zimeni simu, nong'onezeni, mwondoke mapema. Nanyi wauguzi, kengele ikilia iendeeni, na vicheko vyenu mvipeleke chumba cha mapumziko. Usingizi ni sehemu ya matibabu yake. Anayemnyima anamnyima dawa, hata kama anampenda sana.