Maji Yaliyoshika Moto

Fundi cherehani alikuwa mama mwenye mtindo wake wa kupiga pasi. Alijaza maji mdomoni, akavimbisha mashavu, kisha akayapuliza juu ya nguo, puuu! Wateja walicheka, lakini nguo zilinyooka.

Asubuhi hiyo mwalimu wa kwaya alikaa kibarazani, amejifunga shuka kiunoni, akisubiri suruali yake. Ndiyo pekee ya heshima aliyokuwa nayo.

"Fundi, fanya hima. Kwaya nzima inanisubiri."

"Tulia, mwalimu. Wataanzaje bila wewe?"

Pembeni alikaa mwana wa fundi. Walimwita Kifungo, maana kazi yake ilikuwa kushona vifungo. Tangu asubuhi alipambana na sindano moja. Uzi ulikataa kuingia.

"Wewe, sindano imekukosea nini?" mama yake akamuuliza.

"Usingizi tu, mama."

Mama akaona chupa ya maji chini ya kiti cha mwanawe. Akapiga funda kubwa. Lahaula! Mdomo ukawaka, macho yakamtoka pima. Akapuliza yote kwenye suruali, na pasi ya mkaa ilikuwa papo hapo. Makalio ya suruali yakashika moto.

Mwalimu, anayeimba sauti ya nne siku zote, akapiga yowe la sauti ya kwanza.

Jirani yao, muuguzi, akaja mbio na ndoo. Akazima moto, akanusa chupa.

"Kifungo, hii nini?"

"Maji, shangazi."

"Maji gani yanawaka?" mama akafoka, akainua rula.

"Dada, weka rula chini. Ukimpiga atatuficha. Kifungo, umekunywa lini? Macho yanaonaje?"

Kijana akainama. "Jana, na wenzangu wawili. Tangu niamke naona ukungu mtupu."

Muuguzi akabadilika uso. "Hii ni pombe ya magendo. Wengine huichanganya na spiriti ya viwandani, na kwa kuonja huwezi kujua. Inapofusha, inaua. Mtu akiona ukungu, akitapika, akipumua kwa shida, msisubiri ulevi uishe. Hospitali, sasa hivi!"

Rula ikamponyoka mama. Mwanawe wa pekee, awe kipofu? Wakamshika Kifungo huku na huku. Mwalimu akatangulia kufungua njia, kasahau kabisa kwamba hana suruali.

"Mmewahi," daktari alisema. "Hao wenzake wako wapi?"

Mwalimu akawasaka nyumba kwa nyumba, na shuka lake. Wote wakatibiwa.

Mama alitaka kunyamaza. Aliona aibu.

"Tukinyamaza, anayefurahi ni muuzaji," muuguzi akamwambia.

Basi wazazi wakakutana kibarazani kwa fundi. Kifungo mwenyewe akataja nyumba inakouzwa. Wakaenda kwa pamoja kuripoti, na biashara ikafungwa.

"Aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla peke yake," muuguzi akawaonya. "Mwili unaweza kumgeuka. Nileteeni, nitampeleka kliniki."

Tangu hapo, kila jioni mwalimu aliwakusanya vijana kwenye kwaya, wasirudie pombe. Baadhi waliimba kama bawaba zisizo na mafuta, lakini walikuja.

Macho ya Kifungo yakapona polepole. Asubuhi moja, mwalimu akiwa amekaa na shuka lake tena, kijana akachukua sindano. Uzi ukaingia mara moja.

Mama akaangua kilio juu ya suruali, ile ile, yenye kiraka kikubwa nyuma.

"Lia tu, fundi," mwalimu akasema. "Nyunyizia hayo hayo. Hayo hayashiki moto."