Paka Aliyezibwa Mkojo

Paka yule aliporudishwa kliniki mara ya nne, daktari wa mifugo alihisi anachezwa shere. Lilikuwa dume la kijivu, nene, la mwalimu mmoja mstaafu aliyefiwa na mkewe. Kila anapoletwa, kibofu kimejaa na kukakamaa kama jiwe. Daktari humpitishia mpira mwembamba wa kutolea mkojo, ukatoka, akambadilishia chakula, akaandika dawa. Akilazwa kliniki siku tatu, mwalimu naye akilala hapo hapo benchini, anakojoa vizuri. Akirudi kwao, kesho yake mkojo umeziba.

"Mwalimu, unampa nini huyu?" aliuliza, uvumilivu umemwisha.

Mwalimu akaapa kwamba anafuata maelekezo yote. Basi daktari akambeba paka mwenyewe, akaenda kuiona nyumba mchana kweupe.

Sahani ilikuwa safi, maji safi, mchanga wa kukojolea umechekechwa. Hapakuwa na la kulaumu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Paka alipowekwa chini hakugusa kitu; alikwenda kulala kizingitini mwa chumba cha kulala, manyoya yamemsimama. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kisha, kutoka chumba kile ambacho daktari alikuwa amekichungulia akaona kitanda na kabati tu, sauti ya mwanamke ikaita taratibu, ikibembeleza, ikimwomba paka apishe njia, ikimwambia atapata afueni akipisha, na kila ilipoita paka alijikunja na kulia kwa maumivu, lakini hakusogea.

"Umesikia?" daktari akanong'ona.

"Ni marehemu mke wangu," mwalimu akasema, macho chini. "Huita kila siku."

"Huyo siye, mwalimu. Mkeo asingemtesa paka wake."

Akamsihi wahame leo hii, yeye na paka, atafutwe mtaalamu wa kutoa majini. Alisema mpaka koo likamkauka. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu, kama alivyosikiliza maelekezo ya dawa. Kisha akainama, akamnyanyua paka pale kizingitini, akamtia daktari mikononi.

"Mchukue, binti yangu. Amenilinda vya kutosha, na mimi nimechoka kuwa peke yangu."

Akamsindikiza nje, akafunga mlango. Papo hapo paka akaanza kukojoa, mkojo wa moto ukamchuruzika daktari kwenye koti, wala haukukoma. Daktari akagonga, akaita, akagonga tena.

Ndani, watu wawili walikuwa wakicheka kwa sauti ya chini.