Mabega ya Sista

Soko la mitumba lilikuwa limefurika, na watu wawili wasiojuana walikuwa wameng'ang'ania shati moja la kitani.

"Nimelishika kwanza," alisema Sista, muuguzi aliyeshinda wiki nzima ndani ya sare na ikifika Jumamosi hana cha kuvaa ila fulana zilizopauka.

"Litakubana, dada. Niachie, nitakushonea zuri zaidi."

"Wewe nani?"

"Fundi. Duka langu lile pale, lenye sanamu ya kupimia nguo mlangoni."

Sista alimwachia shati, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amemwachia na moyo.

Fundi alimshonea suruali pana ya kiuno cha mpira, koti jepesi la kutupia juu, na gauni refu la pamba lenye mifuko. Zilikuwa nguo za kupumzikia, lakini ukipita mtaani watu wanageuka. Asubuhi moja simu iliita kabla Sista hajanawa uso.

"Umeamka, mpenzi? Nimekuwekea kitambaa cha rangi ya udongo."

"Mimi tu, au wateja wako wote?"

"Wateja wangu siwaiti mpenzi. Waume zao wangenielewa?"

Sista alicheka, akanyamaza juu ya jambo moja. Kila nguo ilimbana mabegani na kupwaya nyongani. Fundi hakuwahi kumpima kwa futi. Alisema jicho lake linatosha. Basi Sista akaona kasoro ni yake, ya mabega yaliyopanuka kwa kunyanyua wagonjwa. Akaanza kuruka chakula cha mchana. Alijichukia kidogokidogo, na hakumwambia mtu.

Jumapili moja alikwenda dukani amevaa lile gauni. Shangazi yake Fundi alikuwa humo, akamtazama, machozi yakamlengalenga.

"Kama namwona marehemu," alisema.

Sista alijua Fundi alifiwa na mke. "Nimefanana naye, shangazi?"

"Hapana, mwanangu, ni gauni." Mama wa watu akaipapasa ile sanamu. "Si ndiyo hii aliyoijaza pamba mpaka ikalingana na mkewe? Miaka yote anashonea hapa."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nakonda ili nguo za mkeo zinienee?" Sista aliuliza polepole.

"Sikukusudia. Mikono imezoea..."

"Ulikuwa unamvisha nani, Fundi?"

Sista alitoka na gauni lake linalobana, akalia njia nzima bila kujali nani anamwona.

Simu iliita, hakupokea. Zile nguo zote alizikunja akazisukuma chini ya kitanda, akarudia fulana zake. Alimkasirikia Fundi, na papo hapo alikuwa na hamu naye sana. Hatimaye akapokea.

"Nitaifumua hii sanamu leo hii," alisema Fundi.

"Usiifumue. Alikuwa mkeo. Ila mimi siyo yeye."

"Najua. Naomba nikupime."

Sista alikwenda akiwa amevaa sare yake, moja kwa moja kutoka kazini. Sanamu ilikuwa imehamishiwa chumba cha nyuma, imefunikwa shuka safi. Fundi alipitisha futi mabegani mwake, akasoma, akarudia kusoma.

"Ni mapana," alisema.

"Ndiyo yangu hayo."

"Nimekuwa kipofu, mpenzi. Nisamehe. Na kama utakubali, nataka kukuoa."

Bado ilikuwa inamuuma Sista. "Nishonee shati kwanza. Nikiweza kunyanyua mikono ndani yake, uliza tena."

Jumamosi iliyofuata alilivaa shati hilo mbele ya kioo cha duka, jeupe, la kitani, la kuachia nje ya suruali. Akanyanyua mikono yote miwili mpaka juu ya kichwa. Hakuna kilichovuta.

Akaiacha huko juu, akisubiri kuulizwa.